Aliyevuta wa Kwanza

Mama Atukuzwe hakuwa mtu wa kunong'ona. Alikuwa ameuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, pale kijijini Lihanje tangu mumewe yu hai, na sauti yake ilikwishazoea kupita juu ya kelele za walevi. Basi Daktari Adela Mlowe alipomaliza kueleza habari za dawa yake, watu wakiwa wamejikunyata kwa baridi kwenye uwanja wa zahanati, yeye ndiye aliyesimama.

"Kamwene, daktari," alisalimia. "Tumekusikia, na maneno yako mazuri. Ila hapa kwetu, hata nikikukaribisha kikombe cha ulanzi wangu mwenyewe, naonja kwanza mimi ndipo nikupe wewe. Tunaita kutoa sumu, na wewe unajua, umezaliwa hapa. Sasa umetuletea kitu cha kuvuta puani, tena cha mkaa. Mbona hujatoa sumu?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea kwenye foleni. Walikuwa wanangoja.

Adela naye akacheka. Alijua mama yule ana haki, na alijua pia kwamba wanakijiji wasipovuta leo, kesho hawatakuja. Mafua ya mwaka ule yaliitwa Tandala. Siku hizi kila msimu wa mafua hupewa jina, kama vimbunga, maana yakija huja mapya; chanjo ikimaliza kutengenezwa, kirusi kimeshabadili nguo na hakitambuliki tena. Tandala ilikuwa imepita bondeni, na huko ilikopita kanisa lilikuwa likitoa jeneza moja na kupokea jingine. Baina ya bonde na Lihanje kulikuwa na kilima kimoja tu.

Dawa yenyewe ilitokana na mianzi ya hukohuko. Adela na wenzake kwenye kituo chao cha utafiti waliichoma mianzi ikawa mkaa, mkaa wakausaga na kuupika hadi zikabaki chembe ndogo mno, ndogo hata kuliko kirusi chenyewe. Chembe hizo zikivutwa hutulia puani na kooni. Kirusi kikipita, hukiganda mwilini kama vishonanguo vinavyoganda kwenye suruali ya mtu aliyekatiza shamba lisilopaliliwa, mpaka ile miiba yake ya kupenyea inazibwa yote. Hakiwezi tena kuingia popote, na mtu hukipenga na kamasi. Kirusi kibadili nguo kisibadili, chembe hazijali, zenyewe zinaganda tu.

Ndani ya sanduku mezani kulikuwa na vipulizio vyenye pete nyeusi, ndiyo dawa. Pembeni kulikuwa na kimoja chenye pete nyeupe, kilichojaa maji ya chumvi, cha kufundishia watu namna ya kuvuta.

Mkono wa daktari ulikwenda kwenye pete nyeupe. Tusimtetee, alijua anachokichukua. Aliifunika ile pete kwa kidole gumba, akainua kichwa, akavuta pua moja, akavuta ya pili, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikilizia ladha. Kisha akakirudisha mahali pake, akaonyesha mikono mitupu.

"Haya," alisema Mama Atukuzwe. "Sasa umekuwa mtu wetu." Akaenda kusimama wa kwanza kwenye foleni, na wengine wote wakamfuata, hata wale waliokuja kwa ajili ya kuchungulia.

Adela alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kabla ya hiyo ziliharibika tatu, na hii alimwambia mumewe peke yake, tena kwa sauti ndogo, kana kwamba mimba ina masikio. Huko maabara walikuwa wamezikuta chembe kwenye kondo la nyuma la panya. Si nyingi, na watoto wa panya walizaliwa wazima, wakanyonya, wakakua. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu mafua huwaua wajawazito kuliko watu wengine, jopo la wataalamu liliamua wajawazito wapewe. Sentensi ya kwenye mwongozo, ile isemayo hakuna ushahidi wa madhara kwa mjamzito, aliiandika Adela kwa mkono wake, na siku alipoiandika aliiamini. Tatizo ni kwamba siku ile ya kuandika tumbo lilikuwa halina mtu.

Alisimama pale mezani akigawa vipulizio na kutabasamu. Kila aliyemshukuru alimzidishia aibu.

*

Lusungu alikuja mchana, foleni ilipokwisha. Alikuwa binti wa baba mdogo wa Adela, mimba yake imefika miezi sita, na alitembea huku mkono mmoja ukishika kiuno. Kwenye chumba cha sindano alikuwapo pia Festo, muuguzi wa zahanati, mtu mpole wa makamo, akipanga vipulizio vilivyobaki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa. Mgongo vipi?"

"Mgongo si wangu tena, ni wa huyu." Lusungu akajipapasa tumbo na kukaa polepole. "Dada, mimi nilikuwa nimeshaapa sivuti. Mama mkwe alisema ningoje nijifungue kwanza. Lakini nimekuona pale mbele. Nikasema, kama dada Adela mwenyewe kavuta, mimi ni nani?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Festo angetolewa nje kwa kisingizio chochote, mlango ungefungwa, na dada angemwambia mdogo wake yale mambo ambayo wanawake huambiana. Badala yake Adela alifungua mwongozo ambao aliujua kwa moyo, akausoma.

"Hakuna ushahidi wa madhara kwa mjamzito."

"Maana yake haina shida?"

"Maana yake tumetafuta shida, hatujaiona."

"Mmeitafuta kwa nani?"

"Kwa panya. Walizaa salama."

Lusungu akafikiri. Alikuwa amefika kidato cha nne na hakuwa mtu wa kuburuzwa. "Panya akizaa mtoto mzito wa akili, nani atamjua? Panya hapelekwi shule."

Festo akacheka. Adela hakucheka, maana swali hilohilo alikuwa amejiuliza mwenyewe, tena si mara moja.

"Dada, niambie ukweli," alisema Lusungu. "Wewe ungekuwa nayo, kama mimi hivi nilivyo, ungevuta?"

"Si umeniona nimevuta?"

Jibu lilitoka lenyewe, jepesi, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Lusungu alitabasamu, akachukua kile chenye pete nyeusi, akavuta kama alivyoelekezwa, akapiga chafya, akajicheka. Aliagizwa arudi kwa dozi ya pili, kwa kuwa mwili huzisukuma chembe nje pamoja na kamasi na baada ya wiki chache ulinzi hupungua. Alipoondoka aliacha mkungu mdogo wa ndizi mezani, zawadi kwa dada yake.

Adela alizitazama zile ndizi mchana kutwa asiweze kumenya hata moja. Alijiambia kwamba hakudanganya. Alijiambia pia kwamba Lusungu yuko salama zaidi na dawa kuliko bila dawa, na hilo lilikuwa kweli, na halikumsaidia.

*

Wiki chache baadaye Tandala iliingia Lihanje na wasafiri wa mnada. Mtu wa kwanza kulala kitandani alikuwa daktari.

Asubuhi aliamka koo linawaka. Aliupumulia ukanda wa kupimia, ule unaotundikwa kwenye milango ya shule na maduka, ukageuka mwekundu kabla hajaushusha mdomoni. Festo akamlaza kwenye chumba cha kutengea wagonjwa, mwisho wa zahanati, chenye dirisha linaloangalia uwanja. Homa ikapanda. Viungo vikamuuma mpaka akashindwa kugeuka, na kila alipokohoa alishika tumbo kwa mikono miwili.

Homa ilipoanza kushuka, Festo aliingia na barakoa yake, akamwekea chupa mpya ya dripu. Kisha, bila kuulizwa, akatoa kile chombo cha kusikilizia mimba. Adela alikuwa ameropoka wakati wa homa, na Festo alikuwa na masikio.

Wakasikiliza wote wawili. Moyo ulikuwepo, mwepesi na wa haraka, kama mtu anayetwanga kwa mbali. Adela akageuzia uso ukutani akalia.

"Mshukuru Mungu," alisema Festo.

"Namshukuru. Nje kukoje?"

Festo akavuta kiti. "Kubaya, daktari. Hawaji. Kitongoji cha juu hakikuwa kimevuta, walipangiwa Jumatatu, na Jumatatu hakuja hata mmoja. Na hawa wa hapa wanasema dozi ya pili hawaitaki. Wanasema aliyevuta wa kwanza ndiye aliyeanguka wa kwanza."

"Waliovuta wameugua?"

"Hakuna. Mimi nilivuta, na nawashika wagonjwa tangu asubuhi mpaka jioni, mbona niko mzima? Lakini ukimwambia mtu hivyo anakuuliza habari zako." Alisita. "Mke wa Sigala wa kitongoji cha juu amefariki. Alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani aje kuvuta. Mumewe akamzuia. Alimwambia, dawa iliyomwangusha mwenyewe itakuacha wewe?"

Adela alifumba macho. Alimkumbuka yule mama, mwembamba, mchangamfu, aliyeuza viazi njia panda. Hakumgusa wala hakumwambukiza. Alimuua kwa namna nyingine, kwa kipulizio cha maji ya chumvi, na hakuna daktari duniani ambaye angeandika hivyo kwenye cheti cha kifo.

"Festo," alisema, "mimi sikuvuta."

Akamweleza. Haikuchukua muda mrefu, mambo ya aibu huwa mafupi yakielezwa bila kupambwa. Festo alisikiliza akitazama viatu vyake, na alipomaliza kusikiliza aliendelea kuvitazama.

"Basi dawa inafanya kazi," alisema mwishowe. "Wewe ndiye uliyekosa dawa na wewe ndiye uliyeugua."

"Ndiyo."

"Tuwaambie kipulizio chako kilikuwa kibovu. Kiliziba. Ulivuta hewa tupu bila kujua. Watakubali, hivi vitu huziba. Watu watarudi, jina lako litabaki, na mambo ya tumbo lako hayamhusu mtu." Aliinua macho. "Ni uongo mdogo, daktari. Utaokoa watu."

Lilikuwa shauri zuri, na lilitoka kwa mtu mwema. Adela aliligeuzageuza kichwani akaliona halina tundu. Kitongoji cha juu kingeshuka kuvuta. Wasingekufa wengine. Angerudi kituoni kwake akiwa yule yule, na mtoto angezaliwa, na Lihanje ingemtumia kuku wa uzazi. Alianza hata kuyapanga maneno: kiliziba, sikujua, samahanini sana.

"Nitawaita leo mchana," alisema Festo akisimama. "Tena itakuwa vizuri, maana Lusungu dozi yake ya pili ni leo, na yeye peke yake ndiye aliyesema atakuja. Anasema dada yake hawezi kumdanganya."

Alitoka. Adela akabaki na yale maneno yake aliyoyapanga, na kila alipojaribu kuyasema kwa sauti yalimkwama. Angeweza kuwadanganya watu mia, alishawadanganya. Ila huyu mmoja angekuja tena na tumbo lake, angevuta tena kwa kumwamini tena, na safari hii Adela angekuwa anatazama kupitia dirishani.

*

Walikuja, ingawa walikaa mbali, barakoa usoni na mablanketi mabegani. Dirisha lilifunguliwa. Adela alisimama ndani akishikilia nondo za dirisha. Mbele kabisa aliketi Mama Atukuzwe kwenye kigoda alichokuja nacho. Sigala alikuwa nyuma, na utepe mweusi kwenye shati.

"Mnasema dawa imeniangusha," alianza Adela. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, watu wakanyamaza ili waisikie. "Dawa haijaniangusha. Sikuvuta dawa. Siku ile mbele yenu nilivuta maji ya chumvi, nikawaonyesha mikono kama mtu aliyevuta. Nina mimba. Niliogopa kwa ajili ya mtoto wangu. Nyie mlivuta kweli na nyie ni wazima. Mimi sikuvuta, na mnaniona."

Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamvutia karibu.

"Mke wa Sigala angevuta, angekuwa hai," alisema Adela. "Hilo ni langu."

Sigala alisimama. Wote walimgeukia, na Adela akajiandaa kwa lolote, hata jiwe. Yule mwanamume alimtazama kidogo tu, akajitanda blanketi lake vizuri, akashika njia ya kupanda kwao. Adela angependa atukanwe.

Mama Atukuzwe ndiye aliyevunja ukimya, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, aliongea taratibu.

"Nimeuza pombe miaka mingi. Nimewahi kuuza iliyochacha, na nimewahi kuiongeza maji, Mungu anajua. Lakini kuonja uongo sijawahi." Akanyanyuka, akachukua kigoda chake. "Kwa hiyo dawa ni nzima, daktari ndiye mbovu. Festo, nipe dozi yangu ya pili. Nipe wewe. Na mtu aende kuwaita wa kitongoji cha juu kabla ya jua kushuka."

Foleni ikaanza kujipanga mbele ya Festo. Walipopita chini ya dirisha, wengine waligeuza nyuso, wengine walisema kamwene kama desturi inavyotaka, bila kuinua macho. Hakuna aliyemzomea. Adela aliendelea kusimama, kwa kuwa kukaa kungekuwa kujificha, na alihisi uso wote unamwaka, na si kwa homa.

Lusungu hakupanga foleni. Alisogea hadi kwenye mstari wa chokaa, mpaka ambao mtu haruhusiwi kuupita kumkaribia mgonjwa, akasimama hapo.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza kama ungekuwa nayo."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, Lusungu."

Lusungu alishusha pumzi ndefu. Hakulia, na macho yake yalikuwa makavu mno kwa msichana ambaye Adela alimbeba mgongoni utotoni. "Sasa nakuuliza tena. Mwanangu yuko salama?"

Ile sentensi ya mwongozo ilimjia yote, imekamilika, na nukta yake. Adela akaimeza.

"Sijui," alisema. "Nadhani yuko salama. Nadhani yuko salama kuliko wangu, maana wangu amepita kwenye homa kali, na homa nayo ina mambo yake. Lakini sijui, na hakuna anayejua."

"Na hii ya pili?"

"Tandala ikikupata na tumbo hilo, inaweza kukuua. Hilo tunalijua. Habari za chembe na mtoto hatuzijui. Wala usivute kwa sababu yangu, na usiache kwa sababu yangu. Mimi ningekuwa wewe..."

"Ulikuwa mimi," alisema Lusungu.

Lusungu alisimama pale mpaka foleni ikapungua, mkono kiunoni, akiutazama ule mpaka wa chokaa. Alimtazama pia Mama Atukuzwe, ambaye alikuwa amekwisha kuvuta na sasa alikuwa akiwasukuma wengine mbele. Kisha akaenda kwa Festo akanyoosha mkono. Hakuuliza kitu. Alirudi nacho palepale, mbele ya dirisha, akainua kichwa, akavuta pua moja, akavuta ya pili, macho yakiwa wazi, yakimtazama dada yake.

"Nimevuta kwa kuwa sitaki kufa," alisema. "Si kwa sababu yako."

"Nimeelewa."

"Sasa nisikilize. Siku yangu ikifika, uje. Usimtume Festo, usipige simu, uje mwenyewe. Mtoto akitoka, umshike wewe kwanza kabla yangu. Umtazame kichwa mpaka vidole vya miguu, umtazame macho, umsikilize anavyolia. Usiniambie neno lolote." Akajifunga kanga yake juu ya tumbo, akaikaza. "Mimi nitakuwa nakutazama wewe usoni."

Adela akaitikia kwa kichwa.